Shimo la Kamba wa Baba Mkwe

S.L.P. 214,
Bulyaga, Tukuyu.
Alhamisi, 17 Julai 2025.

Kaka mpendwa Meshaki,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii uliyokaa nayo siku nne tu ukasema utakufa. U mzima? Kile kifua kimepona? Huko kisiwani mnakula nini siku hizi, au bado ni wali na samaki wale wale asubuhi na jioni? Mama kaniambia kwa simu kutoka Masasi kwamba hajasikia sauti yako tangu mwezi wa tano, na mimi kila nikikupigia naambiwa hupatikani. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii naitia kwenye basi hadi ofisini kwenu Mtwara, na mzee Abeli wa hapo ofisini ameniahidi ataileta kwa boti ya mahitaji.

Huku tuko wazima wa mwili, namshukuru Mungu. Julius yuko Mafinga kwenye mafunzo ya umeme aliyopelekwa na kiwanda cha chai, atarudi mwisho wa mwezi. Mpwa wako Tulia ameng'oka meno mawili ya mbele na anamwonyesha pengo kila anayepita. Parachichi zimezaa hadi matawi yanavunjika.

Salamu zimeisha, sasa nisikilize, maana moyo unanienda mbio.

Ni kuhusu kamba wako. Yule uliyetuletea kwenye ndoo mwezi wa tano, mwenye rangi nyingi kama kitenge cha harusi na mikono ya kukunja kama ya vunjajungu. Leo ni siku ya kumi tangu ajifungie shimoni na kuziba milango yote miwili kwa mawe. Hali, hatoki, hagongi. Hatujui kama yu hai. Na baba mkwe ametamka kwamba siku kamba huyo atakapotoka, au itakapojulikana kwamba amekufa, na yeye ataondoka arudi Lupepo akaishi peke yake.

Najua utasema aende, si kwake? Meshaki, wewe uliiona nyumba ya Lupepo siku ya msiba wa mama mkwe tu, ikiwa imejaa watu. Hukuiona mwezi wa pili. Obed, binamu yake Julius, alipita kumjulia hali akakuta jiko halijawashwa siku tatu na mzee ameketi kitandani na koti lake, miguu imevimba, hajui ni siku gani. Daktari alituambia wazi kwamba mtu huyu asiishi peke yake tena. Tukamleta hapa kwa kumbembeleza sana. Akirudi kule kwenye baridi ya migombani, na shinikizo lake la damu, na vidonge anavyosahau kumeza, tutakwenda kumzika. Ninaandika bila kupamba.

Ulivyonicheka siku ile ya msiba uliponiona nakimbilia nyuma ya migomba kwa sababu tu mzee alikuwa anapita! Hiyo ndiyo mila ya hapa. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, haongei naye, hakutani naye njiani, hata jina lake halitaji. Nimezoea kiasi kwamba hata hapa kwenye karatasi mkono unakataa kuliandika. Kwa vijana imelegea. Walimu wenzangu wanakula meza moja na wakwe zao na kutaniana nao. Lakini baba ni mtu wa zamani, na marehemu mama mkwe alinifundisha mwenyewe namna ya kujitanda khanga na kupisha njia. Nikaishika kwa ajili yake.

Kwa hiyo tumeishi nyumba moja miezi mitano bila kuonana uso. Yeye ana chumba cha uani chenye mlango wake. Mimi nakohoa kabla sijatoka jikoni. Chakula nakiweka kwenye kigoda nje ya mlango wake, nagonga, naondoka. Mwanzoni kilirudi kama kilivyokwenda.

Halafu ukaleta kamba. Uliliweka lile tangi la plastiki nene chumbani kwake, ukafunga kipasha maji na pampu ya hewa, ukaacha madumu sita ya maji ya bahari, ukapanda basi. Baba hajawahi kuiona bahari maishani mwake. Wiki ya kwanza sahani zikaanza kurudi tupu. Nikawa nasikia kupitia ukutani anaongea Kinyakyusa na mtu, nikadhani ana mgeni. Kumbe anaongea na kamba! Alimwita Fundi, kwa jinsi anavyogonga konokono hadi wapasuke. Umeme ukikatika, mzee mwenyewe alijaza maji moto kwenye chupa na kuzielesha tangini ili Fundi asipate baridi. Nilifurahi, kaka. Nilikuombea.

Sasa kosa lako. Ulituandikia kwa kalamu nene kwenye mfuniko wa ndoo: SHIMO LIWE NA MILANGO MIWILI, LIWE NA GIZA, AWEZE KUGEUKA NDANI. Hukuandika shimo lijengwe kwa kitu gani! Na wewe unajua watu wa huku. Mnyakyusa ukimwambia ajenge, mkono wake unakwenda kwenye mianzi. Mwisho wa mwezi wa sita baba alikwenda mwenyewe kuuchagua mwanzi mnene, mbichi, akautoboa vifundo, akaupinda kwa moto, akaulainisha midomo hadi ukawa kama kikombe. Nilipoingia kusafisha chumba, naye akiwa ameketi juani kwa jirani, niliustaajabia. Kamba alikuwa ameshahamia ndani, macho yake mawili yanazunguka mlangoni.

Siku ya tano maji yakaingia ukungu. Siku ya saba yakawa na utelezi na kunuka kama mtungi wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Nikabadilisha dumu zima, baada ya siku moja yakarudi vile vile. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Sikuhitaji kuambiwa kwamba mwanzi unaoza. Na kamba alikuwa amebadilika. Rangi zimefifia, kaa wadogo nilionunua kwa shida wanampita mbele hawagusi. Nilijua anakaribia kujivua gamba, na kwamba akijivua kwenye maji yale, akiwa laini kama ute wa yai, hatapona.

Lakini ningemwambiaje baba? Nimpigie nani? Nilimpigia Julius. Unajua alinijibu nini? "Mke wangu, siwezi kumwambia baba kwenye simu kwamba kazi ya mikono yake ni mbovu. Subiri nirudi." Nilimkatia simu. Wifi yangu Atupakisye wa Masoko naye akasema yeye ni mtoto wa kike, hawezi kumrekebisha baba. Kila mtu ana heshima, na maji yananuka.

Nikaamua kuiba. Siku ya Saba Saba shule zilikuwa zimefungwa, na baba alikwenda Masoko kwenye msiba wa mtu waliyefanya naye kazi kiwandani. Nilijua misiba ya huku, hatarudi kabla ya jioni. Nikaingia na dumu jipya, nikalimimina kwenye ndoo, nikavuta maji machafu kwa mpira hadi tangi likabaki tope na mchanga. Halafu nikauinua mwanzi na kamba akiwa ndani, kiganja kimoja huku, kingine kule, nimeziba midomo yote miwili.

Akanipiga. Meshaki, ulisema anapiga, hukusema anapiga hivyo. Nilikuwa nimejivua khanga ya kichwani na kuizungushia mkono, na bado nilihisi kama nyundo ya fundi viatu imetua katikati ya kiganja. Ndipo nikaona ujinga wangu: ndoo nilikuwa nimeiacha mlangoni. Nikageuka niifuate.

Baba alikuwa amesimama mlangoni.

Mguu ulikuwa umemuuma akarudi mapema. Tulitazamana. Mimi kichwa wazi, nywele hazijasukwa, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, nimeshika kazi yake nikiwa naiba chumbani kwake. Mlango ni mmoja na yeye yuko ndani yake. Nikiuachia mwanzi, kamba anaanguka sakafuni. Nikiurudisha tangini, hakuna maji. Sikuweza hata kujifunika uso, maana mikono yote ilikuwa na kazi. Nikafumba macho tu, na kamba akanipiga tena.

Nilipofumbua, baba alikuwa amenipa mgongo. Nikajua anaondoka. Badala yake akaanza kuja kinyumenyume, taratibu, ameshika fimbo mkono mmoja, mwingine anapapasa nyuma yake kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akaupata mkono wa ndoo. Akaikokota, hatua kwa hatua, mpaka ikagonga vidole vya miguu yangu. Nikauzamisha mwanzi, nikaachia.

Akakaa kwenye kigoda chake, uso ukutani. Kisha akauambia ukuta, "Mwanzi umeoza?"

Nikasema, "Ndoo, mwambie baba umeoza."

"Tangu lini?"

"Ndoo, mwambie maji yalianza kuharibika siku ya tano, na leo ni ya tisa."

Halafu akasema, na hapo alisahau ukuta, "Mbona hukusema?"

Nilikuwa nalia, nikiri tu.

Baba alifanya kazi ya mabomba ya mvuke kiwandani miaka thelathini na moja. Aliponyanyuka, alikwenda stoo bila kugeuka akarudi na kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili, kona mbili, msasa, na msumeno wa chuma. Akauliza ukuta kamba ana urefu gani. Nikaiambia ndoo ni kiganja na vidole viwili. Akakata sehemu ya katikati mara tatu ya hapo, na shingo mbili fupi za kuchomoza juu. Aliponyoosha mkono nyuma yake nilimpa msasa, nami aliponirudishia kipande nilikisugua ndani, maana kamba huteleza kwenye plastiki laini hawezi kujishika. Nikaiambia ndoo gundi isitumike kabisa, ni sumu kwake. Akaguna, akazibana kona kwa nguvu bila gundi. Kwa msumari wa moto akatoboa vitundu ubavuni ili maji yapite. Tulifanya kazi hivyo migongo yetu ikitazamana, vipande vinapita katikati.

Nikalichemshia lile bomba maji, nikaliosha, nikalilaza tangini na kulifukia kwa mchanga, midomo miwili tu nje. Nikapanga pembeni yale matumbawe na maganda ya kome uliyotuma. Nikamimina maji yote safi yaliyobaki isipokuwa dumu moja. Kisha nikaugusanisha mdomo wa mwanzi na mdomo wa bomba, nikasubiri. Sikumsukuma. Alipapasa kwa ndevu zake, akatoka nusu, akarudi. Mara ya tatu akaingia. Asubuhi yake milango yote ilikuwa imezibwa kwa mawe na makome.

Ndipo aibu ikaingia nyumbani. Baba hakutoka nje siku mbili. Akamwita Atupakisye akamwambia kwamba ameuona utupu wa kichwa cha mke wa mwanawe, kwamba mzee anayeishi hadi mkwe anaogopa kumwambia kitu kimeoza ni mzigo ndani ya nyumba, na kwamba atarudi kwake. "Akitoka huyu, na mimi natoka," akasema. Obed ameshaambiwa aje Jumamosi na gari lake dogo kubeba kitanda, hata kama kamba bado. Julius nimempigia, anasema atampigia Obed, Obed anasema hawezi kumkatalia mzee. Unaona mambo.

Sahani zimeanza kurudi na chakula tena.

Kaka, nikwambie jambo baya. Kuna wakati wiki hii nimesimama kwenye ule ukuta nikasikiliza, nikaomba yule kamba asitoke kabisa, abaki amejifungia hadi Julius arudi. Halafu nikaogopa kwamba maombi yangu yamesikika, maana kweli hakuna lolote linalosogea mle. Vitabu vyangu vinasema wanaweza kujifungia hata wiki mbili au zaidi. Vitabu havijui kuhusu siku tisa za maji ya mwanzi. Ningekupata kwenye simu ningekuuliza. Hupatikani. Naishia hapa, kengele ya kipindi imelia.

Jumamosi, 19 Julai.

Sikuweza kuituma jana, basi liliondoka mapema. Na ni vizuri, maana ungepata habari nusu.

Obed alifika saa tatu asubuhi. Nilikuwa jikoni nimejitanda, nasikia wanavyolegeza boliti za kitanda. Mbao moja, mbao ya pili. Nikajaribu kupika chai nikaweka chumvi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuuambia ukuta, nikayasahau yote.

Kisha sauti za boliti zikakoma. Baba akasema kwa sauti ndogo, "Amekufa." Obed akasema, "Pole, baba mkubwa."

Nikatoka jikoni bila kukohoa. Nikasimama kizingitini. Baba alikuwa ameketi kwenye ubavu wa kitanda uliobaki, mikono magotini, anatazama tangi. Mlango mmoja wa bomba ulikuwa umezibuliwa, na mbele yake juu ya mchanga amelala kamba mzima, na miguu yake yote, na mikono yake ya kukunja, hata macho, mweupe, anayumba na maji. Mzee alikuwa na haki ya kusema vile. Hata mimi nilishtuka.

Lakini nikaona mpasuko mgongoni. Hapakuwa na ndoo karibu, na kama ingekuwepo nisingeikumbuka. Nikasema, "Baba, hajafa. Hilo ni gamba tu. Amelitupa nje. Yeye yumo ndani."

Hakunitazama, ila hakunigeuzia mgongo pia. Tukasubiri watu watatu, Obed na spana yake mkononi. Sijui ni dakika ngapi. Chai ikachemka ikamwagika, nikaisikia, sikwenda. Halafu macho mawili yakachomoza mlangoni, yakazunguka, moja huku moja kule, na nyuma yake akatoka mwenyewe, kijani na nyekundu, rangi mpya kabisa, mkubwa kuliko alivyoingia. Obed alipiga kelele kama mtoto. Mimi nililia tena, nimekuwa mtu wa kulia siku hizi.

Baba alikuwa anamwangalia. Kamba akazunguka tangi, akarudi kwenye bomba, akaingia kwa kichwa. Muda kidogo akatoka kwa mkia. Akaingia tena, akatoka tena kwa mkia. Kugeuka ndani hawezi, amekua.

Mimi nilikuwa nasubiri neno lile la kuondoka. Nilikuwa nimeshaukaza moyo.

Baba akamwambia Obed, "Acha kitanda. Nenda dukani kaniletee bomba la inchi tatu, na kona zake mbili. Waambie lile zito, la maji, wasikupe la umeme."

Obed akauliza, "Na Lupepo, baba mkubwa?"

"Huyu hana pa kugeukia, wewe unaniuliza Lupepo!"

Obed akaondoka. Nikajua sasa ndipo natakiwa nitoke na mimi. Nikashika khanga yangu nijifunike, nikarudi nyuma hatua moja. Baba alikuwa ameshakichukua kipande kilichobaki cha bomba la zamani, amekiweka gotini apime, na kinamponyoka kwa sababu mkono wake wa kushoto una ganzi. Kikamponyoka mara mbili. Akainua uso akanitazama, macho kwa macho, mchana kweupe.

"Mama Tulia," akasema, "shika hapa."

Nikasema, "Abee, baba," nikaenda nikashika.

Kaka, nisalimie wifi Skolastika na watoto, Dismas na wadogo wote, utakapovuka kwenda nyumbani, na mama, mwambie nitampigia kesho jioni. Mshukuru mzee Abeli kwa kuibeba barua. Tuletee madumu ya maji, limebaki moja, na makome makubwa kuliko yale. Mungu akulinde huko majini na akurudishe ukiwa mkavu. Baba anakusalimia, amelitamka mwenyewe jina lako hapa mezani, nami nikiandika mbele yake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokukasirikia,

Felista.